Maktaba ya Kijiji Isingoje Nyumba

Ndugu Wanachama,

Tumeletewa swali kutoka mbali, na kwa kuwa swali lenyewe latugusa na sisi, tumeona ni afadhali kulijibu hapa mbele ya wote kuliko kulijibu kwa barua ya faragha. Binti wa mwanachama wetu mmoja ameolewa Kigoma, naye anakaa Mwanga, njiani baina ya mji wa Kigoma na Ujiji. Mumewe ni mtu wa kijiji kimoja cha kando ya Ziwa Tanganyika, ambacho hakiendeki ila kwa boti. Binti huyu na shemeji zake wanataka kuanzisha maktaba huko kijijini. Wanavyo vitabu thelathini na saba. Nyumba hawana, fedha hawana, na wazee wa kijiji wamewashauri wangoje mpaka nyumba ipatikane. Anauliza: Je, wangoje? Nyinyi wenye chama mngefanyaje?

Jawabu letu ni kuwa wasingoje. Na tukiisha kumjibu hivyo, haitupendezi sisi wenyewe kukaa kimya, maana shauri hili hili la kasha la vitabu lilikuja katika kikao cha Kamati yetu likaahirishwa hadi Mkutano Mkuu, na sababu iliyotolewa ilikuwa ni ile ile ya wazee wa kando ya ziwa: hatuna nyumba, na vitabu ni vichache.

Twaanza na nyumba. Wengi wetu tukisikia neno maktaba twaona machoni petu jengo lenye nguzo, rafu hadi darini, na bibi mmoja mezani anayetwambia tunyamaze. Maktaba za namna hiyo zipo, nazo zina kazi yake. Sheria ya kuanzisha huduma za maktaba Tanganyika ilipitishwa mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ikafunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Disemba, 1967. Kwetu visiwani ipo Maktaba Kuu Maisara, na Pemba ipo ya Chake Chake. Lakini mwanachama wa shamba, akitaka kwenda Chake kuazima kitabu, atalipa nauli ya kwenda na kurudi, na baada ya wiki mbili alipe tena nauli ya kukirudisha. Kitabu cha bure kimekwisha kuwa ghali. Sembuse yule wa kando ya Ziwa Tanganyika, ambaye safari yake ya mjini ni boti, na boti yenyewe yategemea upepo.

Watu waliotutangulia walilijua jambo hili. Ile ofisi ya vitabu ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1948, makao yake Nairobi, haikujenga nyumba kila kijiji. Ilitia vitabu katika makasha, ikayapeleka kwenye skuli na vilabu vya watu, na mtu aliyekuwa mbali zaidi aliletewa kitabu kwa posta. Kasha likikaa mahali mpaka watu wakavimaliza vitabu vyake, hubadilishwa, likaja jingine. Hiyo ndiyo maktaba, Ndugu Wanachama. Nyumba ni stara yake tu. Tumeona majengo yaliyofunguliwa kwa ngoma na biriani, kisha yakatiwa kufuli, na ufunguo haujulikani uko kwa nani.

Na kwa kuwa tumetaja kubadilisha makasha, yafaa tueleze kwa nini tunashikilia neno hilo, maana hapo ndipo maktaba za vijijini zilipokufa zamani.

Mwaka 1970, Tanzania Bara, karibu theluthi mbili ya watu wazima walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Mwaka huo ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kando ya Ziwa Victoria UNESCO walikuwa wamekwisha anza mradi wao tangu 1968, na vitabu vya kujifunzia viliandikwa kwa kazi za watu wenyewe: mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa pamba, mvuvi kwa uvuvi, mwenye migomba kwa ndizi. Watu walisoma chini ya miembe, na chaki ilipokwisha waliandika mchangani. Kufika mwaka 1986 hesabu za Serikali zilisema wasiojua kusoma wamebaki kama mmoja katika kumi. Ni kazi kubwa iliyofanywa na taifa maskini, na hatujui sababu ya kuona haya kuisifu.

Pamoja na madarasa hayo zilianzishwa maktaba katika vijiji vingi: rafu moja au kabati moja, ofisini kwa kijiji au skuli. Lilikuwapo na gazeti la watu wa vijijini, Elimu Haina Mwisho, likitolewa Mwanza katika miaka ya 1970. Kisha ikaja dhiki ya miaka ya 1980. Karatasi ikaadimika, mafuta ya gari yakaadimika, vitabu vipya havikwenda. Msomaji aliyekwisha kisoma kitabu cha pamba mara tatu hana haja ya kukisoma mara ya nne. Kabati likafungwa, panya wakaingia, na watu waliopewa cheti cha kusoma wakaanza kusahau walichofundishwa. Macho yao hayakuwa na kosa, walikosa cha kusoma.

Kwa hiyo tunamwambia binti yetu wa Mwanga: vitabu thelathini na saba ni vingi kwa kuanzia, lakini ni vichache kwa kukaa navyo mwaka mzima. Wavigawe katika makasha mawili. Wapatane na kijiji cha jirani kinachofikiwa na boti ile ile, na kila baada ya miezi mitatu makasha yabadilishane. Hapo kila kijiji kitakuwa na vitabu thelathini na saba kwa gharama ya kasha moja la ziada na hisani ya nahodha. Si jambo geni katika ziwa lile. Meli ya Liemba, iliyopewa jina hilo mwaka 1927, ilihudumia vijiji visivyo na gati kwa miaka mingi. Ilisimama majini, na vyombo vidogo vikaiendea kushusha watu na mizigo. Kasha la vitabu si zito kuliko gunia la dagaa.

Sasa tuje kwenye uchache wa vitabu, ambalo ndilo jambo tunalotaka kulisema khasa. Sisi tuliosoma chuoni tumekaa darsani tangu utoto. Sheikh ana kitabu kimoja mbele yake, pengine cha babu yake, kurasa zimekwisha geuka rangi. Waliokaa mbele yake ni arubaini, hamsini. Hakuna hata mmoja mwenye nakala. Sheikh anasoma, anafasiri, watu wanauliza, na mwezi wa Ramadhani ukimalizika watu hamsini wamekimaliza kitabu kimoja. Ni nani kati yetu aliyewahi kusema darsa isiwepo kwa kuwa vitabu ni vichache? Na Ujiji, mji wa madrasa na waalimu tangu zama za misafara, hawahitaji kufundishwa jambo hili na mtu wa Pemba. Lakini tulipoingia skuli tukafundishwa kuwa kusoma ni mtu na kitabu chake, kinywa kimefungwa, na tangu hapo tukaona kuwa kitabu kimoja ni cha mtu mmoja.

Nchini Cuba, watu wanaokunja sigara kwa mikono waliona taabu ya kukaa kutwa nzima kimya mbele ya meza. Mwaka 1865, katika kiwanda kimoja mjini Havana, wakaanza kumweka msomaji. Anakaa mahali pa juu, anasoma kwa sauti, asubuhi magazeti, mchana hadithi, na mikono yao inaendelea na tumbaku. Mshahara wake waliulipa wafanyakazi wenyewe, kila mmoja akitoa kidogo katika ujira wake, si tajiri wa kiwanda. Mwaka uliofuata Serikali ya Kispania ikapiga marufuku jambo hilo, na hapo mtu anaweza kujua kuwa lilikuwa na faida. Baadaye likarudi, na wasomaji wa namna hiyo wamekuwako Cuba mpaka zama zetu hizi.

Basi tuangalie kazi yetu. Msimu wa karafuu, mchana ni wa kupanda mikarafuu, na usiku ni wa kuchambua. Watu wamekaa juu ya majamvi, wake kwa waume na watoto, taa katikati, chungu ya karafuu mbichi mbele, wanatenga karafuu na makonyo. Kazi yataka vidole, masikio hayana shughuli. Siku hizi aghalabu simu ya mtu mmoja hulia muziki pembeni. Twauliza: kuna nini kinachozuia mtoto mmoja wa darasa la saba kukaa karibu na taa akasoma kwa sauti? Kwanza mwenyewe atazidi kujua kusoma. Pili, bibi yake ambaye hakupata skuli atakisikia kitabu kizima kabla ya msimu kwisha. Kitabu kimoja kimehudumia nyumba tano za majirani. Na kando ya Ziwa Tanganyika wako kina mama wanaoanika dagaa na kuwachagua. Nao mikono yao ina kazi na masikio yao yako wazi.

Ama kitabu gani kisomwe, hapa twataka kutoa rai yetu bila ya kuficha. Mara nyingi kijiji kikisema kinataka maktaba, huletewa shehena ya vitabu vilivyotolewa katika maktaba za Ulaya na Marekani kwa kuwa wenyewe hawavitaki tena. Tumepata kuona kasha zima, vitabu vya sheria za kodi za nchi nyingine na hadithi za theluji. Aliyevitoa ana nia njema, Mungu atamlipa, lakini watu hufungua viwili vitatu, wakaona hawavielewi, wakaamini kuwa maktaba si yao. Afadhali vitabu kumi vya Kiswahili vinavyogombaniwa kuliko mia vinavyopangwa kwa rangi.

Na Kiswahili hakina upungufu huo unaosemwa. Wapo wanachama wasiojua kuwa hadithi za upelelezi zilizosomwa Afrika Mashariki nzima ziliandikwa na mtu wa magazeti ya wakulima. Bwana Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alikuwa mhariri msaidizi wa gazeti la Mkulima hapa Zanzibar tangu mwaka 1958 mpaka alipostaafu 1968. Hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la kutunga la mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa 1960, na Bwana Msa na kiko chake wakajulikana mpaka bara. Isomeni hiyo usiku wa kuchambua, kisha mwambieni msomaji aache mahali penye mashaka, mtaona kama kesho yake mtu atakosa kuja kazini. Watieni na Shaaban Robert, na Adam Shafi, ambaye Kasri ya Mwinyi Fuad yake, iliyotoka 1978, yahusu mashamba haya haya yetu. Pawepo na kitabu cha maradhi ya watoto, cha kutunza miche, cha sheria ya ardhi kwa lugha nyepesi. Kigoma waongeze cha mchikichi, kwa kuwa mawese kwao ni kama karafuu kwetu.

Tena kiwepo kitabu kimoja kitupu. Twasema kweli: daftari nene lenye jalada gumu, lisilo na neno ndani. Mikarafuu ya Unguja iliangushwa na tufani ya Aprili 1872, na Pemba ikasalimika zaidi. Hilo twalijua kwa kuwa liliandikwa. Lakini wazee wetu wanajua mkarafuu upi ulipandwa na nani, mwaka upi ukame uliua miche, bonde lipi halifai na kwa nini, nao wanaondoka mmoja mmoja bila ya neno hilo kuandikwa popote. Wavuvi wa Tanganyika wana elimu ya pepo za ziwa lile ambayo haimo kitabuni. Mtoto anayejua kuandika na akae na mzee, aandike. Tusidhani karatasi imekuwa rahisi siku zote. Mwaka 1871, kabla hajarejea Ujiji, Livingstone aliishiwa na karatasi huko Manyema hata akaandika kumbukumbu zake juu ya gazeti kuukuu, akipitisha maneno yake juu ya yale yaliyochapwa, kwa wino wa maji ya mbegu za mti. Maandishi yakafifia, na haikuwezekana kuyasoma vizuri mpaka wataalamu walipoyapiga picha kwa mianga mbali mbali na kuyatoa mwaka 2011. Sisi daftari twaliuza dukani, na kalamu twaziweka masikioni.

Saa za kufungua kasha ni jambo dogo ambalo huharibu makubwa. Maktaba ikifunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa tisa, watakaoingia ni walimu na wazee waliostaafu. Wavuvi wa dagaa wa Kigoma huvua usiku kwa taa, na usiku wa mbaamwezi dagaa hawafuati taa, kwa hiyo watu hukaa nyumbani. Basi siku hizo za mwezi mpevu ndizo za kufungua kasha. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, tangu 15 Mei, ili samaki wazaane. Wavuvi waliona dhiki, na hatusemi kuwa kitabu hushibisha. Lakini miezi mitatu ya kukaa pwani bila ya kazi ni mirefu kwa kijana. Kwetu kasha lifunguliwe baada ya Alasiri, na Ijumaa baada ya Sala.

Kuhusu kutunza, nyinyi mnajua kuliko mkutubi yeyote. Gunia la karafuu haliwekwi chini sakafuni wala haliegemezwi ukutani, kwa kuwa litavuta unyevu na kuota ukungu. Na kitabu ni hivyo hivyo. Kasha liinuliwe juu ya mbao katika ghala letu, lifunguliwe lipate hewa, vitabu vianikwe kivulini na si juani. Kila anayeazima aandike jina na tarehe. Atakayepoteza atoe kingine, na asifukuzwe, maana tukianza kufukuza tutabaki sisi wa Kamati peke yetu.

Wapo vijana waliotucheka kikaoni wakasema kila kitu kimo katika simu. Twakubali kuwa mengi yamo. Lakini simu ni ya baba, kifurushi cha baba kimekwisha, na baba yuko shamba. Anayeweza kutuletea vitabu vya Kiswahili kwa simu halali ya wenyewe, na alete, tutavisoma vile vile kwa sauti.

Limebaki neno zito. Mzee wetu mmoja, ambaye Kamati nzima yamheshimu, alisema: "Fedha hiyo ipelekwe kwenye mfuko wa wanaoanguka mikarafuuni. Kitabu hakimwinui mtu aliyevunjika kiuno." Neno hili lilitunyamazisha, na lilistahili kutunyamazisha. Kila msimu tunawabeba watu kwa machela, na yuko mtu kati yenu anayesoma ukurasa huu akiwa amelala kitandani. Kama ingekuwa lazima tuchague, tungechagua mfuko, wala tusingeandika maneno haya yote.

Lakini hatulazimiki. Tulichokiomba Kamati ni nusu kilo ya karafuu kavu kwa kila mwanachama, mara moja tu, msimu ujao, mbali na ada na mbali na mfuko, na senti moja ya mfuko isiguswe. Mjane na mwenye mikarafuu isiyozidi kumi wasamehewe. Kisha tunaongeza shauri ambalo halikuwa katika maombi ya kwanza. Kasha lataka mtu wa kulikalia, kuandika daftari na kuwasomea wasiojua, naye apewe ujira mdogo kutokana na fedha hiyo. Tunaye mwenzetu aliyeanguka msimu uliopita, hatapanda tena mkarafuu, na sauti yake ya kusoma inajulikana msikitini. Tumemwendea kumuuliza. Akasema atakubali kwa sharti kwamba aitwe kwa kazi, asiitwe kwa huruma. Nasi twaona sharti lake ni la haki, na twawaomba mlipige kura hivyo.

Mkutano Mkuu utakuwa Jumapili ya kwanza baada ya hesabu za msimu kufungwa, saa tatu asubuhi, ghalani. Kura ni ya kunyosha mkono. Asiyeweza kuja kwa ugonjwa au safari na ampe neno lake mjumbe wa tawi kabla ya Alkhamisi. Wenye vitabu vya kutoa wavilete ofisini siku yoyote asubuhi, isipokuwa Ijumaa. Ila twawaomba msituletee vile vilivyokwisha liwa na mchwa, maana vya namna hiyo tunavyo.

Katibu